Maoni: Orodha ya waponyaji haioni laana zilizoondolewa

Katika familia nyingi zilizokimbia Masisi, Rutshuru na hata Goma yenyewe, kuna mtoto mmoja aliyefika mbali kuliko wengine: Kampala, Nairobi, Bruxelles. Siku ya Jumapili anapopiga simu, mama anauliza: jana usiku ulikuwa wapi, mbona hukupokea? Kijana mmoja wa Goma anayesoma Kampala alimjibu mama yake ukweli mtupu, kwamba alikuwa anaponya watu. Mama huyo, anayeishi na watoto wake wengine watatu kwa familia iliyowapokea, alicheka kwanza, halafu akakasirika. Tangu lini umekuwa muganga?

Watu wenyewe walikuwa 39, wametawanyika Ulaya nzima, kila mmoja mbele ya mashine yake. Mchezo unaitwa World of Warcraft. Ulitoka mwaka wa 2004, na mwaka wa 2019 toleo lake la zamani likarudishwa kwa jina la Classic. Humo wachezaji 40 wanaingia pamoja katika pango liitwalo Cœur du Magma kupigana na majitu ya moto, na safari ya namna hiyo inaitwa raidi. Wengi wanapiga, wachache wanasimama mbele kupokea mapigo, nao huitwa tanki, na wengine wanaponya. Kijana wa Kampala anacheza druidi, mtu wa msituni anayeponya kwa nguvu ya miti na majani.

Kwa Kifaransa kila dawa ya mchezo huo inaitwa sort. Ukilitafsiri neno hilo moja kwa moja unaangukia kwenye uchawi, na huko Kivu uchawi si neno la kuchezea: wamama wazee wamefukuzwa vijijini, wengine wameuawa, kwa kusingiziwa tu. Basi hapa litumike neno dawa.

Hasira ya mama ilipita. Iliyomkaa kijana moyoni ni maneno ya kiongozi wa kundi lake, aliyemwambia kwamba akiendelea vile nafasi yake atapewa mwingine. Kila pambano likiisha, programu ndogo ya kuhesabu inatoa orodha inayoonyesha nani ameponya kiasi gani. Kwa majuma matatu druidi alikuwa wa mwisho kati ya waponyaji. Kiongozi hakutafuta sababu.

Kiongozi huyo alikosea, na hayuko peke yake. Raidi nyingi zinachagua waponyaji kwa kusoma orodha hiyo kuanzia juu, na matokeo yake ni kwamba waponyaji nao wanachagua dawa inayopendwa na orodha badala ya dawa inayomfaa mgonjwa.

Ili kuona kosa liko wapi, lazima kujua druidi ana nini mkononi. Anayo Récupération: anampaka mtu papo hapo bila kungoja, na uzima unarudi kidogo kidogo, kila sekunde 3, kwa muda wa sekunde 12. Anayo Toucher guérisseur, inayorudisha uzima mwingi kwa mara moja, lakini katika daraja lake la juu inataka asimame sekunde 3.5 bila kusogea hata hatua. Katikati kuna Rétablissement, inayofanya yote mawili na kula akiba haraka. Akiba hiyo inaitwa mana. Ikiisha, mponyaji amegeuka mtazamaji. Nayo inarudi vizuri tu kama umekaa sekunde 5 bila kuitumia, kwa hiyo hata kunyamaza ni sehemu ya kazi.

Toucher guérisseur ina madaraja 11, na mgeni anadhani la 11 ndilo la kutumia kila mara. Wenye uzoefu wanarudi nyuma hadi la 4. Nguo na pete za uponyaji zinaongeza nguvu ya dawa, na daraja la 4, linalofundishwa mchezaji akifika kiwango cha 20, linapata nyongeza hiyo bila kukatwa kwa sababu ya uchanga wake. Madaraja yaliyo chini yake yanakatwa. Hivyo dawa ndogo, iliyo rahisi sana kwa mana, inatibu vizuri kuliko bei yake, na druidi anaweza kuirudia pambano zima wakati wenzake wa daraja la 11 wamebaki na chupa tupu.

Kuna ujanja mwingine ambao orodha haiwezi kuuona kabisa. Mana inakatwa dawa inapokamilika, si inapoanza. Druidi mzuri anaanza kumtengenezea tanki dawa kubwa hata kabla hajaumia. Pigo likija, dawa inafika wakati uleule. Lisipokuja, anapiga hatua moja pembeni, dawa inavunjika, mana inabaki, anaanza tena. Anaweza kufanya hivyo mara kumi na kukamilisha mbili. Kwenye orodha anaonekana kama mtu aliyelala, na kumbe vidole vyake havijapumzika.

Récupération nayo inaonewa. Matone yake yanachukua muda, na mara nyingi mponyaji mwingine mwenye haraka anamjaza mgonjwa kabla matone hayajaisha. Yale yanayobaki yanaandikwa kama dawa iliyomwagika. Mama anayejua kolera angelielewa jambo hili upesi: maji ya chumvi na sukari aliyonyweshwa mtoto mapema hayaonekani kama kazi kubwa, serumu ya usiku wa manane ndiyo inayosimuliwa.

Hiyo haina maana ya kumpaka kila mtu Récupération. Druidi anayezunguka watu wote 40 anamaliza mana kabla jitu halijafika nusu. Tena katika toleo hilo la zamani Récupération mbili za druidi wawili hazikai juu ya mtu mmoja, yenye nguvu inaifukuza nyingine, kwa hiyo wawili hao wasipogawana watu mapema wanaharibiana kazi. Na tanki aliyebaki na uzima wa pigo moja hasubiri matone. Huyo anahitaji dawa ya papo hapo, Prompte guérison, inayoimeza Récupération iliyo tayari mwilini na kuigeuza kuwa uponyaji wa mara moja. Ila ni lazima hiyo Récupération iwe imetangulia.

Sasa Lucifron. Ndiye jitu ambalo makundi mengi yanaliua kwanza katika Cœur du Magma, na silaha yake mbaya ni laana inayofanya kila dawa na kila pigo kugharimu mara mbili, kwa dakika 5. Mapadre na mapaladini wanaweza kuondoa balaa lake jingine, linalongoja sekunde 10 kisha linauma kwa 2,000, lakini laana hawaiwezi. Kuondoa laana ni kazi ya druidi na ya wale wanaoitwa mage. Mage wengi hawataki kupoteza hata sekunde, maana na wao wana orodha yao, ya wanaopiga. Inabaki kwa druidi. Kila sekunde anayomwondolea padre laana, yeye mwenyewe haponyi hata tone moja kwa hesabu ya programu, na padre yule anapanda juu ya orodha kwa mana ambayo druidi amemwokolea.

Ndivyo kijana wa Kampala alivyokuwa wa mwisho majuma matatu, na Lucifron alianguka majuma yote matatu. Baada ya kutishwa alibadilika. Jumamosi iliyofuata aliziacha laana, akakamata daraja la 11, akaponya yeyote aliyeumia kidogo. Mapadre waliishiwa mana katikati ya pambano, tanki akafa, kundi likafa, mara mbili mfululizo. Kwenye orodha druidi alikuwa wa nne. Kiongozi alimsifu, akawagombeza mapadre.

Viongozi wana utetezi wao, na una uzito. Mtu mmoja hawezi kutazama skrini za watu 40, wavivu wapo, na bila namba kila mvivu angesema alikuwa anaondoa laana. Ni kweli. Lakini hiyo ni sababu ya kutafuta namba nyingine, si ya kushikilia moja.

Kwa vijana wa kwetu liko na jambo la mtandao. Mwenye laini nzuri huko Ulaya anaona pigo na kulijibu wakati uleule. Anayecheza kutoka Bukavu au kwenye cyber ya Kampala saa mbili za usiku, wakati kila mtu yuko kwenye laini, analiona pigo likiwa limekwisha kutua, na dawa yake ya sekunde 3.5 inamkuta maiti. Kumshindanisha na wengine kwa dawa za haraka ni kumwonea. Apewe tanki wawili wa kuwalinda kwa Récupération mapema, apewe laana za vikundi viwili, na Innervation yake, ile inayorudisha mana kwa kasi na kurudi tayari baada ya dakika 6, ampe padre anayebeba mzigo mkubwa.

Programu ileile ya kuhesabu ina ukurasa mwingine, wa laana na sumu zilizoondolewa, jina la kila mtu na idadi yake. Kuufungua ni kubofya mara moja. Kijana ameomba raidi ijayo isomwe ukurasa huo kwanza, na hadi leo kiongozi hajamjibu.