Waraka kwa Wanachama: Mzaha wa Tanuri



Ujumbe wa sauti uliozunguka kwenye kundi letu wiki mbili zilizopita nimeusikiliza mara tatu. Mwenzetu anasimulia mizaha ya marehemu Jean-Marie Le Pen, mwanasiasa wa Kifaransa, kuhusu Wayahudi, huku akicheka, na wengi wenu mkamjibu kwa vikatuni vya kucheka. Aliyejaribu kukemea aliambiwa ya Wayahudi watajuana wenyewe na Wafaransa wao, sisi tumekuja kutafuta riziki. Nikiwa katibu wenu siwezi kunyamaza, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Juni 2014 nilikuwa zamu ya usiku kwenye duka la mikate hapa Paris. Redio ilisema Le Pen alikuwa ameulizwa kuhusu wasanii wanaompinga, akiwemo mwimbaji Patrick Bruel, mzaliwa wa familia ya Kiyahudi, naye akajibu kwamba safari ijayo watafanya fournée. Sisi waoka mikate neno hilo ni letu: ndio ule mkupuo mmoja wa mikate unaoingia tanurini pamoja. Wenzangu wawili walicheka. Nikacheka nao, kwa vile Kifaransa changu kilikuwa bado cha kuombea maji na hilo neno, kwa bahati, nililijua. Mzee mmoja wa Kifaransa alizima redio, akaendelea kukata donge hadi alfajiri bila kutusemesha. Zilipita siku kadhaa kabla sijaelewa ni tanuri gani lililokuwa likisemwa.

Msiniambie Le Pen aliteleza ulimi. Alipoanzisha chama chake mwaka 1972, mweka hazina wa kwanza alikuwa Pierre Bousquet, Mfaransa aliyevaa sare za Waffen-SS, jeshi la Hitler. Kabla ya hapo kampuni yake ya santuri ilikuwa imeuza nyimbo za utawala wa Hitler, na mahakama ikamtia hatiani kwa kutetea uhalifu wa kivita. Septemba 1987, redioni, aliviita vyumba vya gesi vya kambi za Hitler, walimouawa Wayahudi, jambo dogo tu katika historia ya vita. Maneno hayo yalimgharimu faranga milioni 1.2. Mwaka uliofuata akachukua jina la waziri Durafour, akalikata na kulibandika neno, likawa tanuri la kuchomea maiti. Aprili 2015, akiwa na miaka 86, akarudia kuhusu vyumba vya gesi yaleyale ya 1987. Ulimi unaoteleza pale pale kwa miaka 28 unaijua njia yake.

Najua wapo watakaosema utani ni utani. Haya, utani tunaujua sisi. Mnyamwezi atamfanyia Mzaramo vituko hata msibani, lakini ni mtani huyohuyo anayeshika jembe kaburini, na kesho msiba ukiwa kwake Mzaramo atakuja kumlipa. Sasa niambieni Le Pen alimchimbia nani kaburi. Wale aliowacheza shere hawana hata makaburi.

Kuna wanaotuambia hayo yalikuwa ya baba na binti ni mwingine. Tuseme haki: Marine Le Pen, aliposhika chama mwaka 2011, alisema hadharani kwamba yaliyotendeka kambini yalikuwa ukatili wa kupindukia, na Agosti 2015 chama kikamfukuza baba yake mzazi. Si jambo dogo. Lakini tusome vizuri. Lile neno la tanuri aliliita kosa la kisiasa, akaongeza kwamba wanaolitafsiri vibaya wana nia mbaya. Kosa la kisiasa ni lile linalokupunguzia kura. Aprili 2017 akasema Ufaransa haihusiki na msako wa Vel d'Hiv wa Julai 1942, ambapo polisi wa Kifaransa, hapahapa Paris na vitongojini, waliwakamata Wayahudi zaidi ya 13,000, watoto wakiwa zaidi ya 4,000. Rais Chirac alikuwa ameshakiri wajibu wa Ufaransa tangu 1995. Na baba alipofariki Januari 2025, binti alisema hatajisamehe kamwe kwa kumfukuza. Ni uchungu wa mtoto, siuingilii. Ila wanaotugawia vipeperushi sokoni na kutuambia nyumba ile imesafishwa, muwaulize imesafishwa na nani.

Na hili la "hayatuhusu", ndugu zangu! Tarehe 21 Februari 1995, Marseille, kijana Ibrahim Ali, mwenye miaka 17, wa asili ya Komoro, alikuwa akikimbilia basi na wenzake baada ya mazoezi ya muziki. Wakakutana na wabandika mabango ya Le Pen, mmoja wao akampiga risasi ya mgongoni. Aliyefyatua alifungwa miaka 15, na tangu 2021 barabara pale inaitwa kwa jina la kijana huyo. Waliokuwa wakicheka neno la 1987 hawakudhani wangeingia kwenye orodha. Sisi tumo tayari, hata tukicheka kwa sauti kuliko wote.

Kwa hiyo naomba ujumbe ule ufutwe katika simu zetu, na usirushwe kwa ndugu zetu Dar wala Mombasa kama kichekesho cha Ulaya. Naomba pia, Jumapili ya pili ya mwezi ujao, badala ya kikao tuende Drancy. Wengine mnakaa jirani na pale, mnapita na mifuko ya sokoni. Yale maghorofa yaliyopangwa umbo la herufi U, ambayo hadi leo wapangaji wanaishi na kuanika nguo madirishani, ndiyo yaliyokuwa kambi ya kuwazuilia Wayahudi. Katika Wayahudi wapatao 76,000 waliosafirishwa kutoka Ufaransa, takriban 63,000 walipitia hapo. Behewa moja la mizigo limewekwa uwanjani. Mbele yake kuna jumba la kumbukumbu.

Tukutane Gare du Nord saa tatu asubuhi, kwenye ngazi za mstari B. Nauli za watoto zitatoka kwenye mfuko wa chama chetu. Aliyerekodi sauti ile nimeongea naye kwa muda mrefu, kwa simu kisha ana kwa ana. Atakuja, na amejitolea kubeba maji ya kunywa.

Katibu wenu