Wakulima Wawili Watasema Mbele ya Wasomi



Kikundi cha wakulima katika kata yetu kimepata barua. Barua hiyo imetoka katika chuo kimoja kikubwa. Chuo hicho kitafanya mkutano wa siku mbili, na walimu wa vyuo vingi watakuja. Watazungumza juu ya redio, televisheni, simu na kompyuta. Wanataka kujua jinsi vyombo hivyo vinavyoweza kumfundisha mtu aliye mbali na chuo. Wameomba watu wawili kutoka kijijini waende kueleza jinsi kikundi chao kinavyojifunza kilimo kwa redio na kwa simu.

Kikundi kimechagua mama mmoja na mzee mmoja. Mama huyo alimaliza kisomo mwaka juzi, na sasa ni katibu wa kikundi. Aliposikia jina lake alisema, "Bwana Shamba, mimi nikawaambie nini maprofesa?"

Nadhani wengi wenu mngeuliza hivyo hivyo. Kwa hiyo mwezi huu naiacha mbolea ipumzike kidogo, nijibu swali la mama.

Kwanza, kufundisha watu kwa redio si jambo la jana. Huko Uingereza kuna chuo kikuu kinachoitwa Open University. Kilianzishwa mwaka 1969. Wanafunzi wa kwanza walianza masomo Januari 1971, nao walikuwa wapatao 24,000. Wengi walikuwa watu wenye kazi na watoto. Hawakudaiwa vyeti vya shule ili waingie. Masomo yao yalitangazwa na BBC kwa redio na kwa televisheni. Lakini hawakuachiwa redio peke yake. Waliletewa vitabu kwa posta. Waliandika majibu, mwalimu akayasahihisha na kuyarudisha. Tena walikuwa na vituo vya kukutana, wakaulizana maswali. Hapa kwetu tuna Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Sheria yake ilipitishwa mwaka 1992, na wanafunzi wa kwanza walianza mwaka 1994.

Lakini kabla ya hapo, wazee wetu walikwisha kusoma kwa redio.

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ambayo wakati huo ilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Watu wapatao milioni 2 walijiunga na vikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa kazi. Mzee wetu anayekwenda mkutanoni alikuwa kijana wa miaka 19. Anakumbuka vizuri sana. Anasema walikaa chini ya mwembe, redio katikati. Walisikiliza kipindi. Kipindi kilipokwisha redio ilizimwa, na kiongozi akasoma kitabu kwa sauti. Kisha wakaanza kubishana. Je, hapa kwetu mbu wanazaliwa wapi? Nani hana choo? Tutachimba lini? Hawakuondoka mpaka wamepanga siku ya kuchimba.

Nilimwambia mzee, "Hayo ndiyo uwaambie." Akacheka. Alidhani wasomi wanataka habari mpya tu.

Wanaohudhuria mikutano ya namna hii hupenda sana kuzungumza juu ya chombo. Simu hii ina nguvu kiasi gani, kompyuta ile inafanya nini. Si vibaya. Lakini mtu wa kijijini anajua kitu ambacho mwenye chombo hakioni: anajua kinachotokea baada ya sauti kunyamaza.

Mama katibu naye ana habari zake mbili. Nimemwomba asiongeze ya tatu.

Habari ya kwanza ni ya fimbo. Redio ilisema mahindi yapandwe kwa nafasi ya sentimita 75 kati ya mistari, na sentimita 30 kati ya shimo na shimo. Sauti ilikuwa nzuri na maneno yalieleweka. Lakini katika kikundi hapakuwa na mtu mwenye futi kamba. Sentimita 75 ni kiasi gani? Wengine walipima kwa hatua, na hatua za watu si sawa. Mama akaazima rula ya mtoto wa shule. Wakakata fimbo mbili, moja ndefu na moja fupi. Kisha wakafunga mafundo kwenye kamba ya katani kufuata fimbo hizo. Siku hiyo ndipo somo la redio lilipofika shambani. Mama atakwenda na fimbo zake mkutanoni. Nimemwambia aziinue juu watu wazione, kwa maana fimbo hazihitaji umeme.

Habari ya pili ni ya viwavijeshi vamizi. Mdudu huyu aliingia Tanzania mwaka 2017. Kumweleza kwa redio ni kazi, kwa sababu viwavi ni wengi na wanafanana. Lakini kijana mmoja wa kikundi alipokea picha katika simu. Picha ilionyesha alama kichwani mwa kiwavi, kama herufi Y iliyopinduliwa. Karibu na mkia kulikuwa na madoa manne, yamepangwa kama pembe nne za meza. Watu waliosoma kisomo wote wanaijua Y. Walikwenda shambani asubuhi ile ile, wakafungua majani ya mahindi, wakamwona. Hapo picha ilishinda sauti. Lakini kifurushi cha simu kilikwisha siku hiyo hiyo, na kijana alitumia fedha zake mwenyewe. Hilo nalo lisemwe mbele ya wasomi. Mtu anayepanga kufundisha kwa picha za simu ajue ni nani anayelipa.

Sasa, namna ya kusema. Wamepewa dakika 15 wote wawili. Dakika 15 ni chache, wala mwenyekiti hangoji mtu amalize salamu. Tumefanya mazoezi mara tatu nyumbani kwa mzee, na saa mezani. Mara ya kwanza mzee peke yake alitumia dakika 22, na alikuwa bado hajafika kwenye choo! Sasa mzee ana dakika 6, na mama ana dakika 9. Hawatasoma karatasi. Mama ameandika maneno matano tu kwa herufi kubwa: redio, fimbo, kamba, picha, fedha. Akisahau, atatazama.

Jambo lililotusumbua zaidi ni lugha. Barua ilisema mkutano utaendeshwa kwa Kiingereza. Tulijibu kwamba wajumbe wetu watasema Kiswahili, na tukaomba mkalimani. Wamekubali. Kwa maoni yangu, huwezi kumwita mtu aeleze jinsi anavyojifunza halafu umfunge ulimi. Mama amejizoeza kusema sentensi mbili na kunyamaza, ili mkalimani apate nafasi.

Baada ya kusema, wataulizwa maswali. Nimewashauri kwamba swali wasilolijua walijibu hivi: "Hilo hatujalijaribu." Hakuna aibu. Na wao wanaruhusiwa kuuliza. Mama amekwisha kuandaa swali lake. Atawauliza walimu wa vyuo: mwanafunzi wenu aliye mbali, akikwama usiku na simu yake haina fedha, anamwuliza nani?

Wanaondoka Jumatano kwa basi la alfajiri. Nauli na malazi vinalipwa na chuo. Mazao ya mama yataangaliwa na wenzake wa kikundi, na fimbo zimefungwa katika kanga zisivunjike njiani. Toleo lijalo nitaandika walivyojibiwa.

Bwana Shamba wenu