Unahodha si zawadi ya mwalimu

Leo sina habari za bumu wala tesiti, nina dukuduku la mpira. Nasema na wa kwetu Sumbawanga, Laela, Matai na Namanyere, na yeyote aliyepita UMISSETA.

Hivi nahodha wa timu zetu za vijana anachaguliwa na nani? Mara nyingi ni mwalimu. Kigezo? Anayefunga sana, au asiyembishia mwalimu. Wachezaji hawaulizwi. Tukifungwa tunasema vijana hawana umoja. Umoja utoke wapi jamani?

Chukua timu ya mkoa. Kuna wa Kirando kule ziwani, wa Kalambo, wa huku juu Ufipa, na wa Muze bondeni. Wanakutana kambini siku chache, kila mtu anampasia wa shule yake. Mwalimu hawezi kuingia uwanjani kuwapatanisha. Na usiku bwenini, dogo wa fomu wani akinyang'anywa blanketi kwenye baridi yetu ya Juni, mwalimu hayupo. Yupo mwenzao mmoja anayesikilizwa, na siku ya tatu wote wanamjua.

Msidhani ni mambo ya watoto. Januari 2016 kocha Mkwasa alimpa Samatta unahodha wa Taifa Stars badala ya Nadir Haroub 'Cannavaro'. Samatta alistahili kabisa. Ila Cannavaro alilalamikia namna alivyovuliwa kitambaa, akaachana na timu ya taifa. Uamuzi unaweza kuwa sahihi na bado ukaacha jeraha, kama wahusika hawakushirikishwa.

Mtasema nyota ndiye anayebeba timu. Haya, pale pale Nelson Mandela, Oktoba 22, 2020, Prisons waliifunga Simba 1-0, Simba bingwa mtetezi. Nyota wengi walikuwa upande gani?

Mtasema pia vijana watachagua washkaji zao. Wengine ndiyo. Lakini washkaji hao hao ndio watakaomsikia dakika ya 80 mkiwa nyuma kwa bao moja. Mwalimu abaki na haki ya kumvua, mradi aseme sababu mbele ya timu nzima. Na nahodha apewe kazi ya kweli: aongoze mazoezi ya kupasha mwili, apeleke malalamiko ya chakula, asimwache dogo peke yake.

Kura ya vikaratasi ni dakika kumi tu. Walimu wa michezo, mnaogopa nini?

Naomba kuwasilisha.