AROBAINI YA MZAZI, THELATHINI YA SHERIA (Sehemu ya 3)

Mama zangu na wadogo zangu, sehemu mbili zilizopita niliongea taratibu. Leo nimeudhika, mtanivumilia.

Juzi kliniki alikuja binti na mtoto wake, wiki 6, chanjo. Mtoto hajapanda uzito nilivyotarajia. Namuuliza mama unakula nini, ananiambia chai asubuhi, ugali usiku. Nikauliza kazi je? Kumbe alikuwa anauza duka moja hapa mjini, mwaka wa pili sasa. Siku ya 9 baada ya kujifungua akapigiwa simu: usihangaike kurudi, nafasi imeshapata mtu. Barua hakuna. Mshahara wa likizo hakuna.

Nikamwambia nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile watu wanaita CMA. Akaniangalia: "Dada, mama mkwe alisema nitoke nikishamaliza arobaini. Nimemaliza juzi."

Hapo ndipo nilipochoka. Kesi ya kuachishwa kazi inapelekwa CMA ndani ya siku 30. Yeye siku ya 42 baada ya uzazi, toa 9, zimebaki 33. Kachelewa siku 3! Alikuwa ndani anakandwa maji ya moto na kunywa uji wa pilipili manga kama sote tulivyofanyiwa, na saa ya sheria inakimbia nje.

Waliopanga huo muda walimfikiria mwanaume mwenye afya, anayeachishwa Ijumaa na Jumatatu yuko mlangoni kwa Tume. Hawakumfikiria mwanamke mwenye mshono. Nasema wazi: kwa mzazi, siku hizo zihesabiwe kuanzia likizo yake ya uzazi inapokwisha. Huo si upendeleo. Sheria hiyohiyo inakataza mzazi kurudi kazini kabla ya wiki 6 bila daktari kuridhia, sasa inamtakaje ofisi ya Tume wiki ya 5?

Maana sheria yenyewe si mbaya, jamani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 84 zenye malipo, mapacha siku 100, ukiwa umefanya kazi miezi 6. Wale mnaokatwa na kurudishwa, kibarua leo kibarua mwezi ujao kwa tajiri yuleyule, vipindi hivyo vinajumlishwa. Vikizidi miezi 6 ndani ya mwaka, likizo yenye malipo ni haki yako. Zamu ya usiku, saa 2 usiku mpaka 12 asubuhi, hupangiwi miezi 2 kabla ya tarehe ya makadirio wala miezi 2 baada ya kujifungua. Ukirudi una mpaka saa 2 kwa siku za kunyonyesha, ndani ya muda wa kazi. Marekebisho ya 2025 yamewakumbuka hata mama wa njiti. Na kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba si sababu halali hata siku moja.

Siku 84 ni wiki 12, na chanjo ya tatu ni wiki ya 14. Kwa hiyo hata aliyepewa likizo yote inabidi aombe ruhusa ile siku. Hilo nitalirudia siku nyingine, naona damu inanipanda.

Wenye maduka wataniandikia chini hapa: biashara ndogo, nitamlipaje asiyekuwepo? Nawaelewa, mtaji wa Ngamiani naujua. Lakini sheria inamtaka mama akupe taarifa miezi 3 kabla, na cheti cha daktari. Miezi 3 unashindwa kujipanga? Kodi ya pango unajipanga. Bwana afya akija choo kinang'aa. Tofauti ni kwamba bwana afya anakuja! Afisa Kazi naye ana mamlaka ya kuingia sehemu ya kazi na kukagua, lakini miaka yote nipo kliniki sijasikia mama akisema alifika dukani kwao kuuliza nani ana mimba na likizo yake iko wapi. Tusisubiri mama aliyejifungua juzi ndiye awe mkaguzi.

Na sisi wenyewe tusijifiche. Dada wa kazi akishika mimba tunamfanyaje? Tunamkatia tiketi ya basi arudi kwao Lushoto, jioni tunatafuta mwingine. Naye ni mfanyakazi, sheria ni hiyohiyo. Mimi mwenyewe kuna niliyemwondoa miaka ya nyuma, na sijivunii.

Turudi kwa huyu binti. Hajapoteza yote. Kuna maombi ya kupokelewa nje ya muda, unaeleza sababu, na kadi ya kliniki inaonyesha tarehe ya kujifungua, atoe kopi. Madai ya likizo aliyonyimwa yana siku zake 60, hayo bado yamo ndani. Kufungua shauri ni bure, akikuomba hela ya fomu mtu yeyote muulize risiti. "Sina mkataba" isikutishe: tajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, kazi ya kuthibitisha masharti ya ajira inamwangukia yeye. Tunza ile meseji, tunza miamala ya simu aliyokulipia mshahara.

Na wewe baba mtoto unayesoma kimyakimya: fomu mkeo anaweza kuijaza na kuisaini akiwa kitandani. Mwenye miguu ya kuipeleka ni wewe. Nakala moja lazima imfikie tajiri, na umtake asaini kwamba kaipokea.

Binti amekwenda Jumatatu, na mtoto mgongoni. Nikipata jibu nitawaambia sehemu ya 4.