Silaha Ndani ya Koti

Kwa Sadala ni mahali pa njia panda. Barabara kuu ya Moshi na Arusha yapita hapo, na njia ya kupanda Masama yaachana nayo hapo. Watu wa mlimani huteremka na ndizi zao, watu wa tambarare hupanda na mahindi yao, na fedha hupita mkono kwa mkono tangu alfajiri mpaka magharibi. Penye fedha hapakosi mwenye kuitamani. Basi si ajabu kwamba swali moja limezuka katika mabaraza yetu, nalo ni hili: mwenye duka, akipata leseni, achague rivolva ya namna gani ili atembee nayo bila ya kuonekana?

Nililetewa swali hili na jirani yangu. Jirani huyu si mgomvi wala mlevi. Ni mtu wa makamo, mwenye mke, watoto na wajukuu, ambaye usiku mmoja, alipokuwa akifunga mlango wa duka lake, alivamiwa na vijana watatu wakamnyang'anya mauzo ya siku nzima na kumwachia jeraha la panga begani. Kovu lake nimeliona. Alinijia kwa sababu mimi ni mtu wa vitabu, akadhani ya kuwa vitabu vyajua kila kitu. Namjibu hapa hadharani maana hayuko peke yake. Na kwa kuwa jibu langu halitampendeza, ni haki yake kuona kwamba limepimwa.

Kwanza nilitendee swali lake haki. Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka. Samuel Colt wa Marekani alipata hataza yake huko kwao mwaka 1836, na asili ya chombo haijabadilika sana tangu hapo. Wanaoisifu husema kwamba haina mambo mengi: risasi moja ikikataa kulipuka, mtu huvuta kifyatulio tena na silinda humletea nyingine. Ili ifichike, watengenezaji waliifupisha. Kampuni ya Colt ilitoa Detective Special mwaka 1927, ya risasi 6 na mtutu wa inchi 2. Kampuni ya Smith & Wesson ilitoa Chiefs Special mwaka 1950, ndogo zaidi, ya risasi 5; na mwaka 1952 ikatoa Centennial, ambayo nyundo yake imefunikwa kabisa ili isinase katika bitana ya mfuko. Nyingine ziliundwa kwa alumini hata uzito wake ukashuka chini ya nusu kilo. Kwa hiyo muuza silaha angemjibu jirani yangu kwa maneno machache: chukua iliyo fupi, nyepesi, isiyo na pembe.

Lakini kila sifa katika hizo ni deni, na muuzaji hasemi nani atakayelilipa. Mtutu ukiwa mfupi, alama za kulengea hukaribiana, na kosa dogo la mkono huwa kosa kubwa penye shabaha. Silaha ikiwa nyepesi hupiga teke kali, mkono ukatetereka kabla ya risasi ya pili. Nyundo ikifunikwa, kila risasi hudai kidole kivute safari ndefu na nzito, na mvuto huo humpotosha asiyeuzoea. Mabingwa huyashinda haya kwa mazoezi ya mara kwa mara na kwa mamia ya risasi. Muuza sukari na sabuni atapata wapi mamia ya risasi, na kiwanja cha kuzipigia, na wakati wa kufanya hivyo? Ataifunga kiunoni, ataizoea kama alivyouzoea mkanda wake, na siku atakayoihitaji atakuwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Iliyo rahisi kuficha ndiyo iliyo ngumu kulenga. Tena risasi iliyomkosa mwizi haiyeyuki hewani. Yaenda kwa mama muuza ndizi, kwa kijana wa bodaboda, kwa mtoto aliyetumwa chumvi. Gharama ya kufichika hulipwa na mtu ambaye hakushauriwa.

Jirani yangu atasema: Na mwizi je, ambaye hakuomba leseni ya mtu? Nakubali ya kuwa mwizi yupo. Lakini mwizi ana kitu ambacho rivolva yoyote haiwezi kumnyang'anya, nacho ni uchaguzi wa saa na mahali. Tarehe 7 Agosti 2013, huko Mjohoroni, katika wilaya yetu hii ya Hai, mfanyabiashara mashuhuri wa tanzanite aliuawa mchana kwa risasi nyingi za bunduki ya kivita. Waliomwua walimvizia. Mbele ya watu wa namna hiyo, risasi tano chini ya koti na sweta zina faida gani? Jirani yangu alishikwa akiwa na kufuli katika mkono wa kulia na funguo katika mkono wa kushoto. Kabla hajafungua kifungo cha pili cha koti, panga lilikuwa limekwisha kufika begani. Na laiti vijana wale wangaliipapasa silaha kiunoni mwake, wangaliondoka na mauzo na rivolva pia, nasi leo tungalikuwa na wezi watatu wenye bastola badala ya wezi watatu wenye panga.

Usiku koti hutundikwa. Hilo nalo halimo katika maneno ya muuza silaha. Koti lenye mauti mfukoni hutundikwa msumarini katika nyumba ya wajukuu. Mwaka 1993 jarida la utabibu la New England, huko Marekani, lilitoa uchunguzi wa mauaji yaliyotokea majumbani, likaonyesha kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa karibu mara tatu zaidi katika hatari ya mtu kuuawa ndani yake, na aghalabu muuaji alikuwa jamaa au mtu wa kujuana. Tarehe 14 Februari 2013, mjini Pretoria, mkimbiaji Oscar Pistorius alipiga risasi nne katika mlango wa choo uliofungwa. Alidai kwamba alidhani mwizi yumo. Aliyekuwamo ni mchumba wake, Reeva Steenkamp, naye alikufa. Mwaka 2015 mahakama ya rufani ya Afrika ya Kusini iliamua kwamba hayo yalikuwa mauaji ya kukusudia. Bastola ile ilikuwa na leseni halali.

Hapa sipingani na serikali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haimzuii raia mwema kuomba leseni. Lakini leseni hujibu swali la nani aruhusiwe. Haijibu swali la nini kinafaa.

Milima hii ilikwisha kufanya jaribio hilo, na matokeo yake tunayo. Karne moja na nusu iliyopita Mangi Rindi wa Moshi alinunua bunduki kwa wafanyabiashara wa pwani, na Mangi Sina wa Kibosho alinunua zake. Kila mmoja alijihami kwa sababu mwenzake amejihami. Rindi akaona bunduki zake hazimtoshi, akatia mkataba na Wajerumani mwaka 1885. Februari 1891 Wajerumani waliivunja ngome ya Sina, na watu wa Rindi wakiwa pamoja nao. Mwaka 1900 Wajerumani hao hao walimnyonga Mangi Meli, mwana wa Rindi. Hofu ya jirani kwa jirani ilinunua bunduki, na bunduki zikaiuza nchi. Nao wale walizibeba wazi begani, kila mtu akajua nani anazo. Sisi tunashauriana kuzificha! Siku wenye maduka kumi watakapokuwa na rivolva makotini, kila koti litatiliwa shaka, na kila mkono utakaoingia mfukoni kutafuta leso utaweza kumponza mwenye nao.

Wachagga tuna jani la isale. Masale hupandwa katika mipaka ya vihamba, na aliyemkosea mwenzake humpelekea jani hilo kuomba radhi, wala si vyema kulikataa. Nguvu ya isale ni kwamba hubebwa mkononi, mbele ya watu. Amani yetu imesimama juu ya vitu vinavyoonekana.

Yamkini jirani yangu ataniambia kwamba ni rahisi kwangu kusema hivi, maana mimi sina duka. Ni kweli. Kwa hiyo siwezi kumnyima rivolva na kumwacha peke yake gizani. Tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mnunuzi aweza kulipa kwa simu, na mauzo yasilale katika kisanduku cha mbao. Fedha taslimu iliyobaki yaweza kupelekwa kabla jua halijatua. Taa yaweza kutundikwa mlangoni. Tena maduka sita ya safu moja yaweza kufungwa kwa saa moja, watu wakaongozana, pasiwe na mtu wa kusimama nyuma akihangaika na kufuli. Haya yataka kitu ambacho muuza silaha hauzi, yaani majirani wenye kutoa muda wao.

Kwa swali lake, basi, jibu langu ni kwamba hakuna rivolva ya kumfaa. Kwa haja yake nina jibu jingine: leo saa kumi na mbili jioni nitakuwa barazani pake mpaka afunge mlango, na kesho, na kesho kutwa. Nawaomba wenye maduka ya safu ile wasiniache niwe peke yangu.