Treni ya Umeme na Abiria Atokaye Rubafu

Mwananchi atokaye Rubafu, kandokando ya Ziwa Victoria katika Wilaya ya Bukoba, hana budi kuvuka karibu nusu ya nchi kabla ya kuiona treni ya umeme. Huanza kwa gari hadi mjini Bukoba. Hapo huchagua mojawapo: meli ya kwenda Mwanza na kisha basi, au basi moja kwa moja kupitia Biharamulo na Kahama. Afikapo Dodoma miguu imevimba na usingizi umemwelemea.

Hapana shaka kwamba mtu huyo, aingiapo katika behewa jipya, hupigwa na mshangao. Tangu tarehe 25 Julai 2024 treni za umeme zimekuwa zikibeba abiria kati ya Dodoma na Dar es Salaam, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa. Safari ambayo katika treni ya zamani ilimlaza mtu njiani, sasa huchukua muda upatao saa nne. Chai haimwagiki. Ule mlio wa magurudumu kugonga maungio ya reli, ambao wasafiri wa zamani waliuzoea hata ukawabembeleza usingizi, haupo tena. Mwezi Novemba 2024 zikaongezwa treni zenye vichwa vilivyochongoka, na wananchi, bila kungoja tangazo la mtu, wakaziita Mchongoko.

Karibu na Kilosa treni huingia mahandakini, na msafiri mkongwe ndiye awezaye kuuthamini mlima huo uliotobolewa. Reli ya zamani, ambayo Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilifuata bonde la Mto Mkondoa, na mto huo haukuwa na simile. Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 yaliifumua njia hiyo, safari zikakatika. Kazi iliyofanyika sasa ni ya kujivunia, na asiyeisifu ama hakusafiri zamani, ama ana lake jambo.

Hata hivyo, abiria wa Rubafu ana hesabu yake, nayo si ya kilomita kwa saa. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,300. Treni mpya imeifupisha theluthi ya mwisho tu ya safari hiyo. Basi lake likichelewa na treni ikaondoka, atalala Dodoma kwa gharama zake, na saa zote alizookolewa na umeme zitamezwa na nyumba ya wageni.

Yafaa ikumbukwe kwamba enzi za Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, treni na meli za ziwani zilikuwa chini ya mwajiri mmoja. Meli ya MV Victoria ilianza kazi mwaka 1961. Mwalimu aliyehamishwa kutoka Bukoba kwenda Dodoma alishika waranti yake, akapanda meli, na huko Mwanza akapokewa na watumishi wa shirika lile lile waliokuwa na treni. Kemondo ilijengewa gati la kupokea mabehewa, nayo yalivuka ziwa juu ya meli. Hata Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Reli la Tanzania liliendelea kuziendesha meli hizo, mpaka zilipotengwa katika miaka ya 1990. Utaratibu ule haukuwa wa anasa. Mabehewa yalichakaa na ratiba ikavunjwa mara kwa mara. Lakini fikra yake ilikuwa sahihi: msafiri ana safari moja, hata kama vyombo ni vitatu.

Fikra hiyo isingoje reli mpya ifike Mwanza. Kipande cha Mwanza hadi Isaka, chenye kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi mwaka 2021. Nacho hata kikikamilika, Bukoba itakuwa bado ng'ambo ya maji. Kinachotakiwa ni wakuu wa reli, wa meli na wa mabasi kuketi meza moja, wakaoanisha saa zao na kuuza tiketi moja. Meli ya MV Mwanza, iliyoshushwa majini Februari 2023, imejengwa ili ibebe watu 1,200. Watu wote hao wakiteremshwa gatini kila mmoja ajitafutie njia yake, ukubwa wa meli utakuwa umezidisha msongamano tu.

Kuna pia suala la nauli, ambalo linawagusa watumishi wengi. Dar es Salaam na Morogoro sasa hazijatengana hata kwa saa mbili, na wapo waliokwisha kuota kuishi mji mmoja na kufanya kazi mji mwingine. Kwa nauli ya shilingi 13,000 iliyotangazwa mwaka 2024, kwenda na kurudi kwa siku 22 ni shilingi 572,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini kilichoanza Julai 2025 ni shilingi 500,000. Tiketi ya mwezi yenye punguzo la kweli, kwa treni za alfajiri na jioni, ingeyajaza mabehewa hayo kwa watu wanaorudi kila siku.

Na mizigo je? Katika treni ya zamani abiria wa kutoka Mwanza alinunua kuku Saranda kupitia dirishani, na mkungu wa ndizi ulikuwa na mahali pake katika behewa la vifurushi. Madirisha mapya hayafunguliwi, na mizigo imewekewa kikomo. Usafi na usalama vinadai hivyo, na ni haki. Lakini mama atokaye Rubafu hamwendei mwanawe mikono mitupu. Pasipokuwa na behewa la vifurushi, mkungu wake utabaki basini hadi Dar es Salaam, naye atatangulia kwa treni, kisha aende kuungoja stendi.