Mama, wewe umo katika picha ipi?

Hebu msomaji mpenzi, kabla hujafungua ukurasa mwingine, chukua albamu ya picha za nyumbani kwenu, au simu yenye picha hizo ikiwa albamu imeliwa na mchwa. Tafuta picha ya mama wa nyumba hiyo iliyopigwa katika miaka mitano iliyopita. Si ile ya arusi ambamo limeonekana bega lake tu nyuma ya shemeji. Si ile ya kitambulisho. Namaanisha picha yake mwenyewe, amesimama wima, anaitazama kamera na kutabasamu. Je, umeipata?

Dada yangu mkubwa hakuipata. Ana umri wa miaka 48, ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nairobi, na ni mama wa watoto watatu. Mwaka jana kifunguamimba wake alipokuwa akifunga virago kwenda kusoma ng'ambo, aliomba picha ya mama yake ya kuweka mezani huko aendako. Tukapekua kila mahali. Picha za watoto zilikuwa tele. Za baba yao zilikuwepo, tena nyingine amevaa suti. Za mama hazikuwepo, kwani yeye ndiye aliyekuwa akizipiga hizo zote.

"Mwanangu, chukua ya baba yako," alisema akicheka. "Mimi sipendezi kwa picha."

Kijana aliondoka na picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka sura ikawa kama moshi. Usiku ule dada alinipigia simu, na safari hii hakuwa akicheka. (Ninakisimulia kisa hiki kwa idhini yake, kwa sharti kwamba nisimtaje jina. Kwa hivyo msianze kuwachunguza walimu wa watoto wenu.)

Huenda ukadhani kwamba haya ni mambo ya wanawake wenye pesa na wakati wa kupoteza. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini nilipoketi naye jikoni kwake nikamuuliza ni lini alipojinunulia gauni ambalo si sare ya kamati ya mazishi wala ya kwaya, alifikiri kwa muda mrefu, kisha akainuka kwenda kutazama chungu ambacho hakikuwa kikichemka. Kina mama wengi wa mjini wako hivyo. Karo ya Januari inapofika, pesa ya nguo ya mama ndiyo ya kwanza kukatwa, na Aprili ikifika haikumbukwi tena. Miaka kumi hupita hivyo.

Wakati huo huo mwili nao haungoji. Wanawake wengi hukoma hedhi kati ya umri wa miaka 45 na 55, na mabadiliko huanza miaka kadhaa kabla ya hapo. Homoni zinapopungua, mafuta yaliyokuwa yakikaa nyongani huhamia tumboni, hata kwa mama ambaye hajaongeza chakula. Joto humpanda ghafla katikati ya mkutano. Nyayo hupanuka, na kiatu cha saizi 5 kikaanza kuuma. Macho nayo hudai kitabu kishikwe mbali. Hayo yote si dhambi wala uzembe. Mwili umesonga mbele, ni kabati iliyobaki nyuma.

Tulianzia kwenye kabati hiyo. Tuligombana, nisifiche. Kulikuwa na suti nyeusi aliyoinunua alipohitimu chuo cha ualimu, ambayo ilikuwa ikingoja "nikikonda kidogo". Ilikuwa imengoja zaidi ya miaka ishirini! Nilimwambia aitoe. Akasema suti ile ina historia. Nikamwambia historia huwekwa katika vitabu. Akanyamaza na kunipa chai bila sukari. Wiki mbili baadaye alimpa binamu yetu aliyeitwa kwenye mahojiano ya kazi, na ikamkaa kana kwamba ilishonwa kwa ajili yake. Mama anayeamka kila asubuhi na kufungua kabati lililojaa nguo zisizomtosha huanza siku yake kwa kukaripiwa na vitambaa.

Baada ya hapo tulichukua futi ya fundi. Pima kifua, kiuno na nyonga, uandike kwenye karatasi, na usilie. Na ukishapima, anza na jambo ambalo kina mama wengi hulidharau kwa kuwa halionekani: sindiria. Ikiwa kamba zake zinakuchimba mabega mpaka zinaacha alama, au mshipi wake wa nyuma unapanda mgongoni, basi hiyo si saizi yako. Mshipi wa chini ya matiti ndio unaopaswa kubeba uzito, si mabega. Dada alikuwa bado akinunua saizi aliyoivaa kabla ya mtoto wa pili. Alipovaa ya kumfaa, blauzi ile ile ya zamani ilionekana kama mpya, na akaacha kulalamika kuhusu maumivu ya shingo ambayo alikuwa akisingizia kusahihisha madaftari.

Sasa kuhusu nguo zenyewe. Wengi wetu ni wateja wa mitumba, na hakuna aibu. Wale waliokuwa wasichana miaka ya 1980 watakumbuka vitambaa vya viwanda vyetu kama Kicomi cha Kisumu na Rivatex cha Eldoret. Milango ya biashara ilipofunguliwa wazi katika miaka ya 1990, viwanda vingi vya aina hiyo vililemewa. Rivatex kilinunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka wa 2007 ili kifufuliwe, lakini mitumba ilikuwa imekwisha kushika soko. Kwa hivyo ukienda Gikomba au Toi, nenda kwa ujanja. Fika alfajiri marobota yanapofunguliwa, kwani zile nguo bora ambazo wauzaji huziita "kamera" haziishi hadi saa nne. Vaa sketi na fulana za kubana ili uweze kujaribu juu yake, maana huko hakuna chumba cha kubadilishia. Itazame nguo juani, hasa kwapani na kwenye zipu. Na nguo za ndani, tafadhali, nunua mpya dukani.

Hata hivyo, maoni yangu ni kwamba mama wa umri huu hufaidika zaidi kwa fundi kuliko kwa mtumba. Nguo za mtumba zilikatwa kwa kufuata mwili wa mtu mwingine katika nchi nyingine. Fundi hukukata wewe. Tulikwenda Biashara Street kununua kitenge, na hapo nikajifunza jambo kwa muuzaji mmoja mzee. Alichomoa uzi mmoja pembeni mwa kitambaa, akauwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu. Uzi wa poliesta huyeyuka na kuwa kishanga kigumu. Kwa mama anayepandwa na joto la ghafla, tofauti hiyo si ndogo: pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa, poliesta humgeuza akawa ugali ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ukinunua cha pamba, kiloweke na ukianike kabla ya kukipeleka kwa fundi, kisije kikaruka baada ya kushonwa. Kipande cha yadi sita hutosha gauni na kilemba, na kingine hubaki.

Na ukifika kwa fundi, usichague mtindo kutoka ile kalenda ya ukutani. Wale wasichana wa kwenye kalenda hawajawahi kubeba mtoto mgongoni. Chukua gauni moja unalolipenda na linalokukaa, umwambie afuate vipimo vyake, kisha ubishane naye kuhusu shingo na mikono tu. Dada alitaka mikono mirefu ili kuficha mikono minene. Fundi, mama wa makamo kama yeye, akamwambia, "Mwalimu, hiyo ndiyo mikono iliyolea watoto watatu. Unaificha kwa sababu gani?" Ikakatwa juu ya kiwiko. Mimi ningelisema hivyo, tungeligombana tena.

Jambo la nywele lilikuwa zito kuliko nilivyotarajia. Miaka mingi ya kutia dawa na kusukwa kwa nguvu ilikuwa imemla nywele za mbele, akawa hatoki bila wigi au kitambaa. Hali hii ni ya kawaida mno hapa kwetu. Msuko unaovuta ngozi mpaka macho yakarembuka si urembo, na nywele zikivutwa vivyo hivyo kwa miaka, mizizi hufa na hazioti tena. Ukikaa kwenye kiti cha msusi pale Kenyatta Market, usione haya kusema, "Dada, legeza hapo." Ni kichwa chako, na ni pesa zako. Ama mvi, ukipenda zipake, ukipenda ziache, lakini rangi nyeusi nyingi zina dawa inayoweza kuvimbisha ngozi ya baadhi ya watu. Paka tone dogo nyuma ya sikio na ungoje siku mbili kabla ya kujaza kichwa kizima.

Yeye aliamua kukata zote, zikabaki fupi za kijivu. Jumapili iliyofuata kanisani watu watatu walimpa pole, wakidhani amefiwa! Wa nne akamuuliza kinyozi wake yuko wapi.

Nitapita upesi kwenye vipodozi, isipokuwa jambo moja. Katika umri huu mabaka meusi huweza kutokea usoni, na muuzaji wa krimu huwa hayuko mbali. Krimu za kuchubua ngozi zenye zebaki huingia mwilini na kudhuru figo. Zenye haidrokwinoni, zikitumiwa kiholela kwa muda mrefu, zaweza kuacha weusi mbaya kuliko ule uliokuwepo. Mwavuli na kofia, na mafuta ya kukinga jua ukiyamudu, vitakusaidia zaidi. Baka likikusumbua, muone daktari wa ngozi.

Wapo watakaosema, "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti," kwamba mwanamke mwenye akili hajali mavazi. Nawauliza, mnamkumbuka Profesa Wangari Maathai? Alizaliwa mwaka wa 1940, na alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004 alikuwa na umri wa miaka 64. Ulimwengu ulimwona katika vitenge vyake na kilemba kichwani, bila kuvaa kama mtu mwingine. Je, kuna aliyedhani akili zake zilipunguzwa na nguo iliyomkaa vyema?

Sasa nifikie lile ambalo kina mama huniambia kwa sauti ya chini. Mama akibadilika, nyumba huuliza. Shemeji yangu ni mtu mpole, lakini jioni dada alipoingia na gauni jipya na hereni, alikunja gazeti na kusema, "Haya, siku hizi ni nani huyo unayemvalia?" Alisema kwa mzaha, ila mzaha huo una miiba. Ndiyo sababu kina mama wengi huvua hereni kabla ya kufika mlangoni. Dada alikaa chini, akamwambia polepole kwamba mtoto wao yuko ughaibuni na picha ya moshi mezani pake, na kwamba hataki wajukuu wake waje wamjue kwa picha ya mazishi. Shemeji hakujibu. Wiki iliyofuata alikwenda mwenyewe kunyoa ndevu na kununua shati. Sijui kama hilo lilikuwa jibu, lakini dada anasema lilikuwa.

Nanyi wanafunzi, msidhani mmesamehewa. Ni nyinyi mnaomwambia mama siku ya wazazi, "Usivae ile, utaniaibisha," na akivaa kitu kizuri mnamwambia, "Mama, hiyo ni ya wasichana." Sasa avae nini, gunia? Mama wa miaka 48 hahitaji kuvaa jinzi za binti yake zilizotobolewa magotini, na kusema kweli sidhani zinampendeza hata huyo binti. Lakini pia hakuna sheria inayomlazimu kuvaa kahawia mpaka kaburini.

Ama pesa, dada na wenzake sita walipata njia. Wana chama cha kuchangiana, na kila zamu ilikuwa ikiishia kwenye masufuria, mapazia na karo. Wameafikiana kwamba sehemu ndogo ya kila zamu ni ya mwenye zamu kujishonea au kujinunulia viatu, na lazima mkutano unaofuata aje amevaa, la sivyo anatozwa faini. Hadi sasa waliotozwa ni wawili. Mmoja alikuwa amezitumia kununua unga, na wanachama walimrudishia faini yake kimya kimya.

Hatimaye picha ilipigwa, mwezi wa Agosti, mbele ya ua wa michongoma nyumbani kwake. Amevaa kitenge cha samawati na manjano, nywele fupi za kijivu, miwani ya kusomea imening'inia kifuani kwa sababu alisahau kuivua. Nilipiga kumi na saba. Katika nyingi amefumba macho. Kijana wetu alituma ujumbe kwamba ameichapisha na kuiweka mezani, na kwamba mwenzake wa chumbani aliuliza kama huyo ni dada yake mkubwa. Dada amenisomea ujumbe huo mara tano.

Nina arusi ya kuhudhuria mwisho wa mwezi huu, na nilimwomba aniazime kile kitenge. Amekataa.